Huyo Godsway Ni Nani?

Kpando, 14 Novemba

Kaka Anani,

Za huko Accra? Sisi huku tunapumua. Elorm ameota jino la pili na ananing'ata titi kama anayelipa kisasi. Baba yake yuko kazini ng'ambo ya ziwa, anarudi mwisho wa mwezi. Shangazi, mama yako, mzima, presha imeshuka, sauti haijashuka. Bibi Ablewor bado yuko mochwari. Wazee wamepanga tumzike Jumamosi ya pili ya Desemba. Nadhani hayo umeshaambiwa.

Utashangaa kupata karatasi, tena kwa mkono wa dereva wa gari la asubuhi. Usinipigie wala usinitumie ujumbe. Juzi juzi kuna mtu aliniandikia akijiita wewe: "Dada, nimekwama, nitumie kidogo, jioni nakurudishia." Labda alikuwa wewe kweli. Sikujibu. Siku hizi kwenye simu simwamini hata mchungaji. Mwandiko wako naujua, ile g yako yenye mkia wa panya. Kwa hiyo andika kwa mkono.

Sasa sikia kilichonipata.

Unajua wanawake wa nyumba walichanga kwa ajili ya kitambaa cha msiba, cheusi na cheupe, tufanane wote siku ya Bibi. Kazi ya kununua wakanipa mimi, kwa kuwa nimemaliza sekondari na nina simu ya kupangusa. Nikaingia kwenye lile soko la mtandaoni, nikampata muuzaji anajiita Madamu Vida. Pale sokoni wana pochi yao: unalipa, pesa inakaa kwao, muuzaji haigusi mpaka wewe useme mzigo umefika. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalijua, Kaka! Lakini yule mama akanivuta pembeni, tutoke pale tuongee kwenye WhatsApp, sauti yake asali tupu.

"Mdogo wangu, poleni na msiba. Ukilipia huko wananikata na pesa inachelewa. Nitumie moja kwa moja kwenye namba yangu nikupunguzie. Tena fanya upesi, kuna mama wa Tema anakitaka hicho hicho."

Mtoto analia mgongoni, mikate yangu ya abolo inaungua jikoni, mama yako kasimama mlangoni: "Kitambaa kiko wapi?" Nikatuma.

Kabla sijaweka namba ya siri, jina la mpokeaji likatokea kwenye kioo: GODSWAY KWASI DUMENYO. Jina la mwanamume. Nikamuuliza. Akacheka. "Laini ya mume wangu hiyo, si unajua kitambulisho changu kilichelewa kutoka?" Nami nikaona sawa, maana hata laini yangu imesajiliwa kwa jina la Baba Elorm. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wanapokea pesa kwa majina ya waume zao, kaka zao, hata marehemu. Na kwetu nani anaitwa jina la kwenye kadi? Kila mtu ana la nyumbani, la siku aliyozaliwa, la kanisani. Nikajiambia, mtu mwenye Mungu ndani ya jina lake hawezi kunipiga. Nikabonyeza.

Asubuhi picha ya Madamu Vida ilikuwa imetoweka na namba yake hainipokei.

Mama yako hasemi nimetapeliwa. Anasema nimekula. Jana kwenye bomba la maji, mbele ya watu: "Msomi wetu, kitambaa chetu bado kiko njiani? Au kinakuja kwa miguu?" Wanawake wakacheka. Sasa wananiita Bibi Mtandao.

Pesa inauma, lakini nitauza abolo na dagaa mpaka niilipe. Jina langu ndilo siwezi kulilipa kwa abolo. Mimi si mwizi, na sitaki Elorm akue akisikia mama yake ni mwizi.

Madamu Vida alisema duka lake liko Madina, huko huko Accra, karibu na kituo cha magari. Wewe unakaa Madina, na kazi yako ni hizo hizo simu. Nenda kaulize. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Lile jina la kwenye kioo nyumbani sijawatajia, wasije wakasema nililiona nikatuma tu. Nataka kitu kimoja tu: huyo Godsway Kwasi Dumenyo ni nani?

Mdogo wako asiyelala,
Dzigbordi


Madina, 27 Novemba

Mdogo wangu Dzigbordi,

Salamu nyingi kwako, kwa Elorm na kwa meno yake. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi kimeanza. Kazi ipo, haipo, ndivyo ilivyo huku. Mwambie Mama nimemtafutia dawa yake ile, nitaituma na dereva.

Nimesikitika sana kwa yaliyokupata. Lakini na wewe, dada, ulitokaje nje ya soko? Ile pochi yao imewekwa kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji akikwambia "tutoke pembeni," wewe rudi nyumbani kwako. Akikuharakisha, rudi. Bei ikiwa laini kuliko kitambaa chenyewe, rudi. Kama soko halina pochi ya kushika pesa, sema utalipa mzigo ukiwa mkononi, umeufungua na kuupapasa. Na siku wakikuletea kwenye kioo kile kidirisha kinachotaka uweke namba ya siri ili eti upokee pesa au urudishiwe, kataa. Kupokea hakuhitaji namba ya siri. Ukiiweka umetoa, hujapokea. Na mtu yeyote atakayekupigia akisema ni wa kampuni ya simu, anataka kukusaidia pesa irudi, huyo ni yule yule wa kwanza, amerudi kuchukua kilichobaki.

Nilipita kituoni. Hakuna duka la Madamu Vida. Mara nyingi hao Madamu ni vijana wa kiume tu, wana sauti za kila aina.

Usihangaike na polisi, watakula nauli yako bure. Yaache yapite. Wazazi wako walikuita Subira, basi kuwa na subira.

Kuhusu mazishi, sijui kama nitapata ruhusa.

Kaka yako,
Anani


Kpando, 3 Desemba

Kaka,

Hatujambo. Dawa ya mama yako imefika, amemeza, amepata nguvu za kunitukana vizuri zaidi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nanyonyesha, nikaisoma tena nikiwa nakaanga dagaa, na kila mara naona tundu pale pale. Umenifundisha kununua vizuri sana. Ungefungua darasa. Lakini sikukuuliza namna ya kununua. Nilikuuliza mtu. Umejibu kuhusu duka, kuhusu sauti, kuhusu polisi, kuhusu matapeli wa dunia nzima, ila lile jina hukuligusa hata kwa ncha ya kalamu. Umelisahau? Nakuandikia tena, kwa herufi kubwa kama lilivyotokea: GODSWAY KWASI DUMENYO.

Polisi nilikwenda. Yule afisa alikuwa anakula karanga. Akaniambia, "Mama, jina unalo, namba unayo, sasa unataka nini zaidi?" Nikamwambia nataka mtu. Akasema mtu ni kazi ya mjini. Basi mimi mtu wangu wa mjini ni wewe.

Na usinikumbushe tena maana ya jina langu. Dzigbordi naitwa mimi, nalijua nilivyolibeba. Subira yangu naitumia kwa mtoto usiku na kwa mama yako mchana. Kwa matapeli haikubaki.

Wamenitoa kwenye kamati ya msiba. Shangazi amesema sitagusa hata pesa ya chumvi. Kila mwanamke sasa atavaa nguo nyeusi aliyo nayo sandukuni. Tutamzika Bibi Ablewor kama watu waliookotwa njiani, kila mmoja na weusi wake.

Njoo msibani. Ukiwepo mama yako ananyamaza kidogo.

Dzigbordi


Madina, 9 Desemba

Dzigbordi,

Nimepata barua yako. Mpe Elorm busu.

Akina Godsway hapa Accra ni wengi kama mbu, nitamkamata yupi? Pengine huyo mtu mwenyewe hajui hata jina lake linafanya nini huko duniani.

Ruhusa sijapata. Nitatuma rambirambi kwa simu, mezani kwa wapokeaji. Mwambie Mama asilie sana, presha.

Anani


Kpando, 20 Desemba

Anani,

Leo sianzi na salamu. Mtoto ana homa ya meno, nimekesha, na nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Soma ukiwa umekaa.

Siku ya Bibi mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nasugua masufuria. Ndiyo kazi niliyopewa. Mjukuu wa Bibi Ablewor, aliyemwogesha miezi yake yote ya mwisho, anasugua masufuria na mtoto mgongoni, wakati wageni wamekaa chini ya turubai wanakula. Sikwenda hata kuliona jeneza mpaka lilipoinuliwa.

Selasi ndiye aliyeshika spika pale meza ya rambirambi. Unamjua Selasi, anatangaza cedi tano kama ametangaza vita. Anayetoa mkononi anatajwa, anayetuma kwa simu anatajwa, na wa simu wanatajwa kwa jina lililotokea kwenye kioo, maana Selasi hawajui wote. Nikamsikia:

"Haya, kutoka Accra! Hii nzito, jamani, hii nzito! Wapiga ngoma, niamsheni! GODSWAY! KWASI! DUMENYO!"

Sufuria lilinitoka mkononi. Nikasimama na povu mpaka kwenye viwiko. Nikawaza, mwizi wetu ametuma rambirambi? Ana wazimu? Watu chini ya turubai nao wanaulizana, "Nani huyo? Wa ukoo gani? Godsway ni nani?"

Na mama yako akaruka kutoka kwenye kiti chake. Leso mkononi, anaipunga, anacheza mbele ya spika. "Wangu! Ni wangu mimi! Anani wangu huyo! Wengine wanamla Bibi, wangu anamzika!"

Wakampigia makofi. Wakakupigia makofi wewe.

Nimekujua tangu nilipoanza kujua watu, na sikuwa najua jina lako. Ningelijulia wapi? Ulipofika umri wa shule walikupeleka Keta kwa watu wa baba yako, wakakuandikisha kwa jina lao. Ukirudi likizo wewe ni Anani, ukiondoka ni Anani. Hakuna aliyewahi kukuita vingine katika nyumba hii. Unakumbuka nani alinifundisha kuandika? Wewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Uliandika DZIGBORDI, kubwa, mpaka Bibi akakuchapa kwa kuchafua ukuta. Langu uliliandika. Lako hukuliandika.

Mara mbili nimekuuliza Godsway ni nani. Mara mbili! Nawe ukanijibu akina Godsway ni kama mbu.

Nimemaliza kusugua masufuria yale. Sijamwambia mtu. Nimekaa na neno hili kifuani kama mfupa wa samaki. Sasa andika. Usiniandikie habari za kikohozi.

Dzigbordi


Madina, 11 Januari

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilizochana ni nyingi kuliko hii.

Si mimi niliyeongea na wewe. Naapa kwa kaburi la Bibi. Sauti ile siijui. Pesa yako sikuishika.

Ni hivi. Pale kituoni kuna jamaa ana meza ya kusajili laini za simu, ndiye ananipa vibarua. Ilikuwa wiki mbaya, sikuwa nimekula. Akaniambia, "Una kadi? Weka kidole hapa." Nikaweka. Mashine ikalia. "Weka tena." Nikaweka tena. Akanipa hela ya kula siku ile. Laini zikaenda na vijana wake. Sikujua za nini. Baadaye nilijua kidogo. Vijana wengi wanafanya, siyo mimi peke yangu. Mkono wangu haukuwa na kitu, nikatoa kidole tu.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliiweka chini ya godoro nikalala juu yake.

Dzigbordi, nakuomba. Mama asijue. Unaijua presha yake. Mimi ndiye wa pekee aliyebaki kwake, akisikia ataanguka. Wewe kijana, una nguvu, maneno ya watu yatapita. Nimekutumia kitu leo kwa simu, karibu yote. Nyingine nitatuma Pasaka. Sema tu kwamba muuzaji amerudisha, yaishe.

Kaka yako,
Anani


Kpando, 19 Januari

Anani,

Hatujambo. Elorm anasimama akishika kiti. Upepo wa vumbi umekausha kila kitu, hata maziwa yangu, au labda ni wewe umeyakausha.

Hela uliyotuma imeingia, na jina lako likatokea tena, lile lile. Nimekwenda kwa wakala saa ile ile, nikairudisha mbele ya shahidi. Nilikuwa nimeshapunguza unga wa nyumbani ili nianze kulipa lile deni, kwa hiyo usidhani niliirudisha kwa kiburi cha mwenye shibe. Niliirudisha kwa sababu unataka niende kwa wanawake wa nyumba na uongo mdomoni. Eti muuzaji amerudisha! Nimeitwa mwizi nikiwa nasema kweli, sasa unataka niwe mwongo ili niitwe mwema?

Kila asubuhi kwenye bomba mama yako ananiua kidogo kidogo, halafu wewe unaniambia nitunze presha yake. Ya kwangu nani anaitunza? Mimi ndiye ninayempeleka kupimwa. Tunatembea pamoja, ananishika bega maana macho hayaoni vizuri, na njia nzima ananitukana kwa ajili ya kitambaa. Nimemshika asianguke. Sitamwacha aanguke hata akisikia. Lakini atasikia.

"Baadaye nilijua kidogo." Nimelipigia mstari hilo neno kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Kidogo kiasi gani? Kidogo cha kuniandikia masomo mazuri yale, usitoke pembeni, kupokea hakuhitaji namba ya siri? Nilikaa nikijiuliza umeyajulia wapi. Na hiyo rambirambi nzito iliyomchezesha Shangazi, mtu wa vibarua aliitoa wapi? Hilo hukuligusa.

Usiniambie ulitoa kidole tu. Hao vijana hawana jina la kuogopea. Wakipiga mtu, anayeonekana kwenye kioo ni wewe. Mwanamke yeyote wa huko Tamale akimlaani aliyemla, anakulaani wewe, kwa jina lako kamili, na Mungu anajua anwani. Ulikopesha kitu ambacho hata mwizi wa kuku hakikopeshi.

Sikiliza ninachotaka. Mwisho wa Februari tunavua nguo nyeusi, watu wote watarudi, Selasi atashika spika. Njoo useme mwenyewe. Usipoweza kuja, andika barua, nami nitampa Selasi aisome. Iwe fupi. Na usitie sahihi ya Anani. Anani hakuniibia. Weka jina lililotokea kwenye simu.

Usipofanya, nitasimama nitasema mimi, mtoto mgongoni, na ninavyojua kusema nikikasirika unajua.

Bado ni mdogo wako, ndiyo maana nakupa mwezi mzima.

Dzigbordi


Madina, 20 Februari

Kwa Mama yangu Akpene, na nyumba yote ya marehemu Bibi Ablewor,

Poleni na msiba, na poleni kwa kutonizoea kwa jina hili.

Dzigbordi hakula pesa ya kitambaa. Alituma kama mlivyomtuma. Pesa ilikwenda kwenye laini iliyosajiliwa kwa kadi yangu na kidole changu. Nilimpa mtu mwingine laini hiyo kwa hela ya chakula. Dzigbordi aliponiuliza nilinyamaza, na nikiwa nimenyamaza mkamwita mwizi.

Nitalipa kitambaa, wazi wazi, kwa mikono ya wazee.

Ile rambirambi mliyoipigia makofi, naomba msiihesabu kuwa yangu; haikuwa ya jasho langu.

Mama, usimshike tena Dzigbordi kwa maneno. Mshike bega tu, kama kawaida.

Mimi,
Godsway Kwasi Dumenyo


Kpando, 2 Machi

Kaka Anani,

Habari za siku. Elorm ametembea hatua zake za kwanza, kutoka kwangu hadi kwenye beseni la unga, akalimwaga lote. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa muda sijacheka.

Imesomwa. Nitakwambia ilivyokuwa, maana hukuja, na nilijua hutakuja.

Wote tulikuwa tumevaa nyeupe. Selasi aliichukua karatasi kwa mbwembwe, akadhani ni salamu za rambirambi, akaanza kwa ile sauti yake ya vita. Alipofika kwenye "hakula pesa" sauti ikashuka. Mwishoni alikuwa anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, na lile jina alilitoa polepole. Godsway. Kwasi. Dumenyo.

Wageni wakaulizana tena, kama siku ile. "Nani huyo? Wa nyumba gani?"

Wanaomjua wakatazama chini. Mama yako akasimama. Safari hii leso ilikuwa imekunjwa kwenye ngumi. Nikasogea karibu, nimdake akianguka. Akasema, bila spika, na wote wakasikia:

"Ni wangu. Ni wangu mimi."

Akakaa. Hakuanguka.

Kwangu hajasema pole. Humjui mama yako? Lakini jana asubuhi kwenye bomba nilimkuta amesimama na ndoo yake, foleni ndefu. Yule Yawa wa nyumba ya pili akaanza, "Bibi Mtandao huyo anakuja..." Mama yako akamgeukia: "Anaitwa Dzigbordi. Una tatizo na ulimi?" Kisha akaisukuma ndoo yangu mbele ya yake. Hayo ndiyo maji niliyoogeshea mtoto.

Kwa hiyo jina langu limerudi nyumbani. Ningeishia hapo nikakubusu mikono. Ila nilifanya jambo jingine. Jana hiyo hiyo nilikwenda kwa wakala nikabadilisha laini yangu, sasa iko kwa kadi yangu mwenyewe, kidole changu mwenyewe. Baba Elorm akauliza, "Kwani hatuaminiani?" Nikamwambia, tunaaminiana sana, ndiyo maana kila mtu abebe lake. Na nikiwa na laini mpya, namba isiyojulikana, nikaipiga ile ya Madamu Vida.

Ikapokelewa.

Sauti ile ile, Kaka. Asali ile ile. "Karibu, mdogo wangu. Unatafuta kitambaa cha rangi gani? Cha harusi au cha msiba?"

Nilikata. Nikarudi tena kwenye menyu, nikaandika namba ile kama ninayetaka kutuma, nikangoja jina. Ni lako. Bado ni lako! Umesimama mbele ya ukoo mzima kwa karatasi, umemliza mama yako, na mlango uliouacha wazi bado uko wazi, na kuna mwanamke mahali fulani leo, mtoto analia mgongoni, anaambiwa afanye upesi. Uliomba radhi kwetu kwa sababu tunakujua. Yule asiyekujua ataombwa na nani?

Sitaki barua nyingine nzuri. Nenda ofisi ya kampuni ya simu, siyo kwenye meza ya jamaa yako, ofisini, na kadi yako na kidole chako, uzifunge laini hizo. Kila siku ya soko nitaandika namba ile na kutazama jina. Siku nitakapolikuta halipo, nitakuita Kaka kwa sauti yangu yote. Mpaka siku hiyo nakuita Kaka kwa mazoea tu.

Dzigbordi


Madina, 18 Machi

Dzigbordi,

Mpe hongera Elorm. Unga husamehewa.

Nilikwenda. Nilipanga foleni ofisini mpaka mchana. Yule binti wa kaunta akachukua kadi, akaniambia niweke kidole, akatazama kioo chake, kisha akanitazama mimi, kisha akageuza kioo nione mwenyewe. Sikujua ni nyingi hivyo. Nyingine zilifunguliwa mwezi uliopita, na mwezi uliopita sikumpa mtu kidole. Akaniuliza, "Zipi ni zako?" Watu nyuma yangu wanalalamika niharakishe. Nikamwambia, funga zote.

"Hata hii iliyo mfukoni mwako?"

Hata hiyo.

Nikatoka hapo nikaenda polisi. Nimeeleza meza ilipo na ya nani. Wameandika. Hawakuwa wanakula karanga. Jamaa wa kituoni amesikia, kwa hiyo kazi pale sina tena, na nimehamia kwa rafiki upande mwingine wa mji. Usimwambie Mama hilo la kuhama.

Sina simu sasa. Ukipata ujumbe wowote wenye jina langu, la nyumbani au la kadi, si mimi. Mimi ni huyu wa karatasi, mwenye g ya mkia wa panya.

Siku ya soko ikifika, angalia. Kisha uniandikie ulichokiona.

Anani, ambaye ni
Godsway Kwasi Dumenyo